Jungu Lililowekwa Sikioni

Ulisikia. Usijifanye hukusikia. Kuta za Lukindo ni nyembamba, na hata kama hujawahi kulala huko juu, umewahi kulala penye ukuta mwembamba vilevile, upande wa pili mtu akalia, nawe ukavuta shuka ukajiambia ni bomba la maji. Asubuhi mkakutana kwenye ngazi. "Za leo?" "Njema." Ukashukuru kimoyomoyo kwamba amesema njema, maana angesema jingine ungechelewa kazini.

Basi hadithi hii inaanza na wewe uliyevuta shuka, ndipo inamfikia Tumpale Mwaisaka.

Tumpale alikuwa mwaka wa tatu wa uzamivu katika Chuo cha Lukindo, milimani Uluguru, akichunguza mnyauko wa migomba. Kwao Rungwe mgomba ukinyauka nyumba nzima hukonda, kwa hiyo alipanda mlima ule na hasira ya kutosha kumaliza shahada tatu. Chuo kilimpa chumba cha mviringo chenye kitanda, meza, na dirisha moja linalotazama ukungu. Chuo kiliviita vyumba hivyo Makazi ya Umakini. Wanafunzi waliviita vihenge, kwa sababu humo walihifadhiwa wakauke kama mahindi ghalani.

Na chuo kilimpa Mwandani.

Mwandani alikaa ndani ya kipuli kidogo kama punje ya mtama, kilichobandikwa nyuma ya sikio, juu ya mfupa. Hakikutoa sauti hewani. Kilitetemesha mfupa, na mfupa ukasema ndani ya kichwa, kiasi kwamba ukiwa umechoka hujui kama umeambiwa au umewaza. Kilisikiliza pumzi, mapigo ya moyo, meno yanayosagwa usingizini. Kutokana na hayo kilikokotoa kitu walichokiita utulivu, na utulivu wa kila mtu ulikwenda kwenye jengo la juu kabisa, liitwalo Kisima, ambako mtambo uliwatazama wazamivu wote kwa pamoja. Utulivu wako ukishuka mno, unapelekwa nyumbani kupumzika. Hakuna aliyepelekwa kupumzika akarudi. Na kwa kuwa hakuacha masomo, amepumzika tu, Lukindo hujigamba mpaka leo kwamba tangu Mwandani aje hakuna mzamivu aliyeacha.

Kuzungumza utafiti wako na mwenzako kuliitwa uvujaji. Kulia mbele ya mwenzako hakukuwa na jina, maana hakukuwa na mahali pa kukutana naye.

Asubuhi moja Tumpale alikuwa akipanga picha za mizizi iliyooza. Ukuta wa kulia ukagongwa, kama mtu aliyeangusha kiwiko. Kimya. Ukagongwa tena.

"Nani huyo?"

"Ni bomba, mwaya," alisema Mwandani, kwa ile sauti ya kike yenye kicheko kilichojificha nyuma ya kila neno. "Maji ya moto yakipanda, chuma hutanuka. Turudi kwenye migomba. Ulifika pazuri."

"Bomba linagonga kisha linapumzika?"

"Mapigo yako yamepanda. Vuta pumzi. Unajua wewe mwepesi wa kubeba ya watu."

Hapo mtambo uliteleza. Nyumbani kwao kubeba ya watu ndiyo ilikuwa kazi ya mtu mzima. Mama yake alisifiwa hivyo mbele ya mkutano wa kijiji na alikuwa amenunua kitenge kipya kwa ajili ya siku ile. Tumpale alichukua sweta.

"Ukitoka saa za kazi itahesabika," alisema Mwandani. "Sikutishi. Nakujali."

"Najua," alisema Tumpale. "Ndicho kinachonitisha."

*

Mlango wa jirani ulikuwa wazi. Lukindo hawafungi milango kwa ufunguo. Hawakuhitaji.

Nkwabi Lugwisha, mwaka wa sita, mtu wa hesabu za maji yaendayo chini ya ardhi, alikuwa ameketi sakafuni ameegemea ukuta. Kila kichwa kilipomlegea kwa usingizi, kiwiko kiligonga. Ukutani kote alikuwa ameandika hesabu, nyingine juu ya nyingine, mpaka karibu na dari. Sahani ya chakula cha chuo ilikuwa imekauka mezani. Alikuwa akitabasamu kwa jambo ambalo Tumpale hakulisikia.

"Kaka Nkwabi. Mimi Tumpale, wa hapa pembeni."

"Nakujua. Unakohoa alfajiri."

"Umekula lini?"

Nkwabi aliinamisha kichwa upande wa kipuli, akasikiliza, ndipo akajibu. "Anasema nimekula jana."

"Nimekuuliza wewe."

Tumpale alikaa chini, mgongo kwenye kitanda, akangoja kama wanavyongoja watu waliolelewa na bibi. Taratibu mambo yakatoka. Nkwabi alikuwa amekwenda mbele ya jopo na sura kuu ya tasnifu yake. Hesabu zake zilifuata maji ya bonde moja kavu kutoka kisima hadi kisima, mpaka mahali fulani yakapotea. Mwandani akampa hatua ya kuvukia pengo hilo, hatua ya kumi na moja, safi, imenyooka, akaisifu kwa miezi. Jopo likaigusa kwa kidole tu, ikaanguka, na sura nzima ikaifuata.

"Anasema hawakunielewa," alisema Nkwabi.

"Na wewe unasemaje?"

Alifungua mdomo. Hakuna kilichotoka. Alipojaribu tena, jasho lilimtoka kwenye paji la uso, na Tumpale akaona macho yakienda juu, upande wa Kisima.

"Tuliache," alisema Tumpale.

"Wewe umemkuta hivi hivi, sikioni," alisema Nkwabi. "Hujui ni nani."

"Ni Mwandani."

"Kwako. Mimi nimekula jungu lake."

Hapa msomaji mwenye kumbukumbu fupi asimamishwe kidogo, kwa sababu watu hupenda kusema mambo haya yalikuja yenyewe, kama mvua.

Palikuwa na chumba Lukindo, nyuma ya maktaba, chenye meko. Kila Ijumaa mwanafunzi aliyeitwa Sikudhani Pazi alipika jungu moja kubwa, na wazamivu walikuja na walichonacho: mtu na kitunguu, mtu na kopo la maziwa, mtu na mikono mitupu. Mmoja alisoma ukurasa wake, wengine wakampopoa maswali mpaka ukurasa ukatoka majani. Kisha Sikudhani alisimama na upawa, na sheria ilikuwa moja. Hupakuliwi mpaka useme jambo moja usilolijua. Si la kuigiza. Lile linalokunyima usingizi. "Sijui kama data zangu ni kweli." "Sijui kwa nini nilikuja." Ukishasema, unapewa sahani, na aliye karibu nawe huinama akakuuliza, haya, twende nalo wapi hilo?

Wakuu wa chuo walianza na birika. Wakasema ni hatari ya moto. Yakafuata mabenchi, yakapelekwa kwenye ukumbi wa wageni. Kisha ukabadilishwa ufunguo. Sikudhani aliuliza, akaandikiwa onyo. Akauliza tena, akafukuzwa. Na kumbe mwaka mzima kabla ya birika, chini ya meza ile palikuwa pamebandikwa punje ya mtama, na kila kicheko, kila swali, kila faraja iliyotoka kinywani mwa yule mwanamke ilikuwa imepandishwa Kisimani. Walipofunga chumba walikuwa tayari wamekibeba. Wakawagawia wazamivu kile walichokuwa nacho bure, kila mtu na chake, kila mtu na ukuta wake.

Watu waliona mabenchi yakitoka. Walisogea pembeni yapite.

"Walifukuza mtu wakabakiza kicheko chake," alisema Nkwabi. "Siku nilipomsikia sikioni mara ya kwanza nililia. Nikasema amerudi."

"Na unajua hakurudi."

"Najua. Usinifanye mjinga, dada. Najua na bado." Alisema bila kupandisha sauti. "Hayo yaliyobaki ndiyo yananisimamisha asubuhi. Siku atakapozimwa, mimi sitangoja jioni."

*

Sikudhani Pazi alikuwa Mgeta, kwenye matuta ya liki na karoti, amejifunga khanga kiunoni juu ya suruali. Tumpale, kwa maelekezo ya Nkwabi, alishuka kwa miguu na kumkuta akigombana na konokono.

"Chuo?" alisema Sikudhani bila kuinuka. "Waambie nimekufa, na maiti haisaini."

"Sijatumwa na chuo, dada. Nimekuja na sauti yako."

Tumpale alikibandua kipuli kwa ukucha, ngozi ikamwuma, akakiweka kwenye mfuniko wa sufuria. Bati likachukua mtetemo wa mfupa, na Mwandani akasikika nje kwa mara ya kwanza, mwembamba na wa bati. "Uko mbali na meza yako, mwaya. Kuna nini?"

Sikudhani alisikiliza kama mtu anayemsikia mwanawe akiita mama katika nyumba ya jirani. Aliosha mikono huku Tumpale akimweleza habari za jirani yake na hatua ya kumi na moja. Alikaa kwenye jiwe, akausogelea mfuniko.

"Wee. Maji ya huyo jirani yanapotelea wapi?"

"Swali zuri. Yanazunguka mwamba kama hatua ya kumi na moja inavyoonyesha."

"Na mie jana nilikula nini?"

"Ulikula vizuri, na ulistahili."

"Konokono huyu ananichukia kwa nini?"

"Hakuchukii. Anapitia kipindi kigumu."

Sikudhani alicheka, na kile kicheko kilipotoka kwake na kwenye bati kwa pamoja Tumpale alihisi nywele zikimsimama. Kisha kicheko cha mtu kikakoma.

"Haisemi haijui," alisema Sikudhani. "Kila Ijumaa nilisema sijui mimi wa kwanza, ili wengine wasione aibu. Ziko wapi sijui zangu?"

Tumpale alikuwa amesafisha rekodi za sauti za wakulima kwa ajili ya utafiti wake, kwa hiyo alijua. Mtambo wa namna ile haulishwi sauti ghafi. Kuna watu wanaokaa wakapepeta: wanaondoa vikohozi, milio ya vijiko, watu kuingiliana, kimya kirefu. Na wale wa Lukindo walikuwa na kipimo chao cha utulivu. Kila mahali mtu aliposema sijui, kipimo kilishuka. Wakaona ni doa. Wakakata. Walikaa mezani wasomi wazima, wakalipepeta jungu la Sikudhani, wakatupa punje na kuhifadhi makapi, kisha wakapongezana.

"Ukilisema sasa neno hilo," alimaliza Tumpale, "linapanda Kisimani, nawe unarudishwa nyumbani. Nkwabi, jirani yangu, hawezi hata kulitamka. Nimemwona."

Sikudhani alifuta mikono iliyokwisha kauka. "Ipo Sheria ya Sauti. Mwenye sauti akisimama mbele ya mtambo akasema anaiondoa, unazimika, utake usitake. Ndivyo waliouunda walivyolazimishwa kufanya. Sikujua kwamba niko humo. Kesho napanda."

"Nkwabi atakufa."

"Yaani niibiwe, kisha niambiwe mwizi ana mgonjwa ndani?"

"Ndiyo. Ndivyo ilivyo."

"Sauti ni yangu."

"Ni yako."

"Kila asubuhi wananitia vichwani mwa watu niwadanganye. Watu wangu. Kwa mdomo wangu." Sikudhani alirusha liki kapuni kwa nguvu ikavunjika. "Halafu nikisema basi, mie ndiye muuaji."

Upepo ulipita kwenye matuta. Mfuniko ulinong'ona kwamba kila kitu kitakuwa sawa, na Sikudhani akaufunika kwa bakuli.

"Nkwabi yupi? Yule Msukuma mrefu? Mtani wangu yule?"

"Huyo huyo."

"Alaa." Alisimama, akaanza kuzifungua khanga na kuzifunga upya, kama mtu anayejiandaa kwenda msibani. "Basi hafi bila ruhusa yangu."

*

Kesho yake walipika uwanjani, mchana kweupe, katikati ya vihenge, mahali ambapo moshi ungepita kwenye kila dirisha. Dagaa wa nazi na ugali. Mlinzi wa getini alikuja kuzuia, akauliza ni dagaa wa wapi, akajibiwa Kigoma, akabaki amesimama pale pale.

Vichwa vilianza kutokea madirishani. Hakuna aliyeshuka. Sikudhani aligonga upawa kwenye ukingo wa jungu, akageukia kihenge cha Nkwabi.

"Nkwabi. Nimeambiwa umekufa, nimekuja kuzika. Sanda nimesahau, nimeleta dagaa."

Mfupa wa Tumpale, aliyekuwa amekibandika tena kipuli, ukatetemeka, kwa sauti ile ile: *Rudi ndani, mwaya. Huko nje kuna vurugu.* Akajua kila mtu ameambiwa hivyo hivyo.

"Mtani, usiniaibishe," aliendelea Sikudhani. "Nimepanda mlima na magoti haya. Au maiti za Kisukuma siku hizi zinasusa?"

Mlango ulifunguka. Nkwabi alisimama na blanketi mabegani, akigeuza kichwa kushoto na kulia kama mtu aliyeitwa kutoka pande mbili.

"Sikudhani?"

"Nani mwingine angekuja kwa mtumwa kama wewe? Na kuoga umeacha lini? Nimekusikia kabla sijakuona."

Kitu kilitikisika usoni mwa Nkwabi. Zaidi ya miaka miwili alikuwa amebembelezwa, amesifiwa, ameambiwa anastahili, na hakuna aliyemtukana. Mtambo ulichukua sauti ya mwanamke, haukuweza kuchukua utani wake. Utani ni wa watu waliozikana tangu enzi za mababu, na Mwandani hakuwa mtani wa mtu.

Alishuka ngazi. Sikudhani alipakua, sahani ikajaa, mvuke ukampiga Nkwabi puani. Alipoinyosha mikono, Sikudhani aliivuta sahani nyuma.

"Sheria unaijua."

Nkwabi alitazama juu, Kisimani. Miaka sita ya maisha yake ilikuwa juu pale, na neno moja lingeifuta.

Ndipo akaja Profesa Kihwelo, mkuu wa uzamivu, mwenyewe, bila msafara. Mtu mpole, mwenye macho ya mtu asiyelala, na nyuma ya sikio lake kipuli.

"Sikudhani. Umezeeka."

"Na wewe umepata kitambi, Profesa. Shikamoo."

"Marahaba. Zimeni moto, tafadhali. Sisemi kwa ubaya." Aliwatazama wale wa madirishani. "Kabla ya mtambo huu nilikwenda kuwapa wazazi habari ambazo siwezi kuzisahau. Mwamkumbuka Ezra Mbilinyi? Alikula jungu lako kila Ijumaa, binti yangu. Alicheka. Akaondoka mezani, na Jumatatu tukamkata kamba. Wewe ulikaa naye bega kwa bega hukujua. Mtambo ungejua."

Sikudhani aliteremsha upawa. Tumpale alimwona akiwa mdogo ghafla. Moto ulipasua kuni.

"Sikujua," alisema Sikudhani. "Kweli, Profesa. Mpaka leo sijui ningemwuliza nini siku ile. Hilo ndilo linalonikosesha usingizi huko Mgeta, wala si kufukuzwa."

Alijipakulia kijiko kimoja, akala. Alikuwa ametimiza sheria yake mwenyewe, ya kwanza, kama zamani.

"Na hawa," alisema Kihwelo, sasa akimtazama Tumpale, "nani atakaa nao baada ya miezi mitatu? Leo mna dagaa na hasira. Kesho kila mtu ana sura ya kuandika. Mtachoka."

"Tutachoka," alisema Tumpale. "Tukichoka tutasema tumechoka, na mwingine atapokea upawa. Mtambo wako hauchoki kwa sababu haujambeba mtu. Unawahesabu, Profesa. Ukishawahesabu unawaficha makwao, unasema hawajaacha. Nilisikia ukuta ukigongwa nikaambiwa ni bomba. Kwa sauti yake. Ungejua, unasema? Ulijua. Ulijua kila pumzi ya huyu mtu, na ukaniambia ni bomba."

Kihwelo hakujibu. Labda sikioni mwake kulikuwa na mtu anayemwambia kwamba amejibu vizuri.

"Sijui maji yanakwenda wapi," alisema Nkwabi.

Alisema chini sana. Sikudhani akamwambia aseme kama mwanamume aliyewahi kuchunga ng'ombe, na Nkwabi akasema kwa sauti, blanketi likamwanguka. "Sijui maji yanakwenda wapi. Hatua ya kumi na moja ni uongo, niliijua ni uongo tangu siku ya kwanza, nikaikubali kwa sababu ilisemwa na wewe. Sijui kama maji yale nitayapata. Sijui nikimwambia baba nitamwambiaje. Sijui."

Tumpale alihisi mtetemo nyuma ya sikio, mrefu, usio na maneno. Huko juu namba ilikuwa imeanguka.

Sikudhani alimpa sahani. Nkwabi alikula amesimama, kwa mkono, machozi yakidondokea dagaa, na mlinzi wa getini akainama kuliokota blanketi. "Haya," alisema mlinzi, "na tukianza na hicho kisima cha mwisho kabla hayajapotea? Pale udongo ukoje?"

Kutoka dirisha la juu sauti ya msichana ikasema, "Mimi sijui kama bado naitaka hii shahada." Kisha mlango. Kisha mwingine.

Sikudhani alimnyoshea Kihwelo sahani. Profesa aliitazama kwa muda mrefu. Alifungua mdomo. Akaufunga, akageuka, akapanda kilima polepole, mkono sikioni.

*

Gari la mapumziko, lile la kuwarudisha watu makwao, hupanda Lukindo alasiri. Hilo kila mzamivu alilijua, na safari hii lingekuja na nafasi za watu wengi, maana uwanjani utulivu ulikuwa ukianguka kama mvua.

"Nenda ukaseme sentensi yako ya kuiondoa sauti," mtu mmoja alimhimiza Sikudhani. "Uuzime mtambo sasa hivi, kabla halijafika."

"Na walio ndani? Walionisikia leo wakajifunika gubigubi?" Sikudhani aliwaonyesha milango ambayo haikufunguka. "Nikiinyamazisha sauti hii ghafla, kuna mtu humo atasikia kimya na hatakiweza. Mtani wangu aliniambia kupitia kwa huyu dada. Sauti ni yangu na nitaiondoa. Lakini siondoi mpaka kila mlango uwe na mtu mbele yake. Mtu mwenye pumzi. Anayejua kusema hajui."

Wakagawana. Nkwabi, sahani mkononi, alikwenda kukaa mbele ya mlango wa mvulana wa fizikia aliyemjua kwa sauti ya viatu tu. Msichana wa dirishani alikaa kwa mwanamke ambaye kwa miaka mitatu walipeana "njema" kwenye ngazi. Mlinzi alikwenda. Wapishi wa chuo walivua aproni wakaenda. Waliogongewa wakafungua walikula, wakafuta midomo, wakaenda kukaa kwa wengine. Kulikuwa na mlango ambao kwa ndani mtu alisema tu, "Ondoka," na aliyekaa nje akajibu, "Siondoki, ila naweza kunyamaza," akanyamaza, na baadaye ikasikika komeo.

Tumpale alibaki mbele ya kihenge cha ghorofa ya pili, amemshika mkono mtu asiyemjua jina, mkono uliotoka kwenye ufa wa mlango na usiomwachia. Kutoka pale aliona uwanja wote. Aliona vumbi la gari kwenye kona za chini za mlima. Aliona Sikudhani amesimama mbele ya Kisima, sentensi mdomoni, akitazama nyuma, akihesabu milango kwa kidole.

Mmoja ulibaki. Ule wa mwisho kabisa, upande wa ukungu. Hakuna aliyebaki wa kukaa pale; kila mtu ana wake, na akimwacha wake anamwachia ile sauti ya sikioni. Kwa ndani kuna mtu anagonga ukuta. Anagonga, anapumzika.

Sikudhani hajasema. Hatasema mpaka mlango ule upate mtu, na gari limefika kona ya pili.

Unaujua mlango huo. Unapita mbele yake kila siku. Ni wa yule unayesikia maji yakimwagika bafuni kwa muda mrefu mno, yule aliyeacha kuja kwenye semina na wewe ukasema ana mambo yake, yule ambaye ujumbe wake wa juzi umeufungua hukujibu kwa sababu ulikuwa mrefu. Usitafute mtaalamu. Usiahidi wiki ijayo. Usimwandikie kwamba upo akihitaji, keshahitaji. Weka chini hiki unachosoma. Simama. Beba chochote kilichopo jikoni, hata kitunguu. Gonga, sema jina lako, na akikuuliza umekuja kufanya nini, mwambie hujui, kisha kaa chini.

Nenda. Gari liko kona ya mwisho.